Muulize Afisa Uvuvi: Samaki wadogo wamezaliwa kijitoni au wamehamia tu?

SWALI: Mzee wetu, salamu nyingi kutoka Busia, upande wa Uganda. Mimi ni mwalimu wa sayansi katika shule ya msingi, na pia ni katibu wa kikundi chetu cha mazingira. Tuna kijito kinachomwaga maji yake mto Sio. Kilikuwa kimeharibika sana: wachoma matofali walichimba kingo, ng'ombe walishuka popote walipotaka, mikaratusi ilipandwa mpaka majini. Tulikaa na majirani tukakubaliana. Mikaratusi ya ukingoni imekatwa, tumepanda misambya na mikuyu, ng'ombe wana njia moja ya kwenda kunywa, na sehemu mbili tumelaza magogo ndani ya maji ili vidimbwi vijitengeneze. Sasa ni mwaka wa pili. Watoto wanaona samaki wadogo wengi kwenye vidimbwi hivyo na kikundi kizima kinashangilia, ila afisa mmoja wa kaunti ndogo ametuuliza: mna ushahidi gani? Nilisikia redioni kwamba Marekani wakishatengeneza kijito huwahesabu watoto wa samaki aitwaye samoni kwa miaka mingi. Wanafanyaje, na sisi tunaweza? Halafu wenzangu wanataka tununue vifaranga wa bwawani tuwamwage kijitoni ili matokeo yaonekane haraka. Ni sawa? (Mwalimu, Busia)

JIBU: Mwalimu, nianze na hilo la mwisho, kwa sababu likishafanyika halirudi nyuma: tafadhali msimwage samaki yeyote. Sababu zitakuja.

Na swali la huyo afisa msilichukue kama dharau. Ni swali ambalo wenzetu wa Oregon na Washington, huko pwani ya Pasifiki ya Marekani, wamelifanyia kazi kwa miongo mingi, nao walilifikia kwa njia ya uchungu. Katikati ya karne iliyopita, idara zao zilitumia fedha nyingi kuondoa magogo kwenye vijito, zikiamini kwamba magogo yanamzuia samoni asipande. Vijito vikabaki vyeupe na vinyoofu. Baadaye utafiti ulionyesha kwamba ni magogo hayohayo yaliyokuwa yakitengeneza vidimbwi vya kina ambamo watoto wa samoni hujificha na kupumzika mkondo unapokuwa mkali. Leo wanalipa watu wayarudishe. Kila mtu alikuwa na nia njema, na nia njema bila hesabu iliwagharimu kizazi baada ya kizazi cha samaki.

Sasa, kwa nini wanahesabu watoto na si wakubwa? Samoni huzaliwa katika maji baridi ya mtoni, hushuka baharini kukua, kisha hupanda tena mto kutaga. Mayai yake hufukiwa chini ya changarawe, na maji safi lazima yapite kati ya vijiwe ili yapate hewa. Tope likijaa humo, mayai yanakufa. Samoni aina ya koho hukaa kijitoni mwaka mmoja au zaidi kabla ya kushuka baharini. Akishafika baharini, habari zake si za kijito tena. Ataliwa na sili, atanaswa na nyavu, atakutana na mwaka ambao bahari ina joto na chakula ni haba. Kwa hiyo ukihesabu wakubwa waliorudi, umepima kijito na bahari na wavuvi kwa pamoja, na huwezi kuvitenganisha. Lakini ukihesabu watoto wanaokua kijitoni na wanaotoka kwenda chini, hapo umepima kazi ya kijito chenyewe.

Ukitafuta samaki wa kwetu mwenye maisha yanayokaribiana na hayo, ni ningu. Yeye hana bahari, ana ziwa Victoria. Mvua zikinyesha na mito ikivimba, ningu waliokomaa huacha ziwa na kupanda mito kama Sio na Kagera, hutaga kwenye nyasi za mabondeni zilizofunikwa na mafuriko, na watoto hushuka maji yanapopungua. Tabia hiyo ndiyo iliyomponza. Nyavu zilipotandazwa midomoni mwa mito wakati wa kupanda, alinaswa akiwa na mayai tumboni, na uvuvi wa ningu uliokuwa ukilisha watu wengi kuzunguka ziwa ulianguka katikati ya karne ya 20. Babu yangu alitega migono mto Malaba na alimtaja ningu kwa heshima ambayo sikumsikia akimpa samaki mwingine. Kwa hiyo, Mwalimu, usihesabu ningu wakubwa ukadhani unapima kijito chako. Utakuwa unapima nyavu za ziwani. Hesabu watoto.

Nije kwenye jambo lenyewe, maana hapa ndipo vikundi vingi hujidanganya bila kukusudia. Ukitengeneza kidimbwi kizuri chenye kivuli, samaki wadogo waliokuwa wametawanyika juu na chini watakuja kukaa humo. Ukichungulia unaona kundi, unafurahi. Lakini idadi ya samaki wa kijito kizima inaweza kuwa ileile. Wamehama makazi tu. Wataalamu wa samoni wamebishana juu ya hilo miaka mingi: je, magogo yameongeza samaki au yamewakusanya? Jibu halipatikani kwa kuchungulia kidimbwi. Linapatikana kwa kuhesabu vidimbwi vipya, sehemu za maji ya kasi, na sehemu ambazo hamkuzigusa, zote, kila mara kwa namna ileile.

Na bado haitoshi. Inabidi uwe na kijito cha kulinganisha. Tuseme (huu ni mfano tu) kabla ya kazi mlikuwa mkipata samaki wadogo 12 katika kipande cha mita 50, na sasa mnapata 30. Mnashangilia. Kumbe kijito cha jirani, ambacho hakuna aliyekigusa, kimetoka 11 hadi 28 kwa sababu mvua za mwaka huu zilikuwa nzuri kila mahali. Ongezeko la kazi yenu hapo halionekani kabisa. Kinyume chake pia hutokea: mwaka wa ukame kijito chenu kinabaki na 12 na cha jirani kinashuka hadi 4. Hapo mmefanya jambo kubwa, na bila jirani mngedhani mmeshindwa.

Huko Oregon walianza utafiti wa bonde la Alsea mwaka 1959 wakiwa na vijito vitatu. Kimoja, Needle Branch, kilikatiwa miti mpaka ukingoni. Kingine, Flynn Creek, kiliachwa kama kilivyo ili kiwe cha kulinganisha. Maji ya Needle Branch yalipopanda joto baada ya miti kuondoka, hakuna aliyeweza kusema ni jua la mwaka ule, kwa sababu Flynn Creek ilikuwa pale pale ikishuhudia. Karibu na wakati wetu kuna Bridge Creek, hukohuko Oregon, ambako walichomeka vigingi na kusuka matawi kuzuia maji, wakiiga mabwawa yanayojengwa na mnyama aitwaye biva. Walijenga vizuizi zaidi ya 100 na kulinganisha na kijito kingine ambacho hawakukigusa. Watoto wa stilhedi, ndugu wa karibu wa samoni, waliongezeka kwa wingi na wengi zaidi walibaki hai. Watu waliamini matokeo hayo kwa sababu kulikuwa na kijito cha pili, na hesabu za kabla na baada.

Nyinyi hesabu za kabla hamna. Msihuzunike, bado kuna njia. Bila shaka kuna kipande cha kijito ambacho hamjakitengeneza na mnapanga kukifikia. Anzeni kuhesabu hapo leo, kabla jembe halijagusa kitu. Hicho kitakuwa "kabla" yenu ya kweli. Ongezeni kijito cha jirani kilichochakaa na, kama kipo, kimoja ambacho bado kina msitu wake. Wazee watawaambia zamani walivua nini, na maneno yao muyaandike kwa tarehe na jina la mahali, lakini yawekwe daftari jingine, yasichanganywe na hesabu.

Uliuliza wanahesabuje. Wana vifaa vingi. Kuna pipa kubwa linalozungushwa na mkondo, ambalo hukusanya watoto wanaoshuka. Kuna kichipu chembamba cha urefu wa milimita 12 kinachoingizwa tumboni mwa samaki. Akipita kwenye waya uliotandazwa kijitoni, namba yake inasomeka, na kwa hiyo unajua ni yuleyule wa mwezi jana na alikokwenda. Wengine huvaa miwani ya kuzamia na kuogelea kifudifudi wakihesabu kwa macho. Na wengi huvua kwa umeme wa betri inayobebwa mgongoni, ambao humzubaisha samaki kidogo kisha anapona. Hicho cha umeme ninyi msikiguse. Ni kazi ya watafiti wenye mafunzo na kibali, na kijito ambacho watoto wanakanyaga pekupeku si mahali pa kujaribia.

Kinachowafaa ni hesabu yao ya kupunguza, na wavu unatosha. Chagueni kipande cha kijito, mzibe juu na chini kwa nyavu ili samaki asiingie wala kutoka. Piteni na wavu mdogo wa kukokota mara moja, wekeni waliopatikana kwenye ndoo. Piteni tena, kwa nguvu ileile na muda uleule, ndoo ya pili. Kisha mara ya tatu. Tuseme mmepata 60, halafu 30, halafu 15. Kila mara mmeondoa nusu ya waliokuwemo, kwa hiyo mnaweza kukisia kwamba wamebaki 15 wengine, na kipande kile kilikuwa na samaki kama 120. Darasa lako la sita wataipenda hesabu hiyo kuliko yoyote ya kitabuni. Lakini ukiona mara ya pili mmepata wengi kuliko ya kwanza, jueni wavu umevuja au watu wamechoka, na siku hiyo irudiwe.

Wakati wa kuhesabu ni maji yakishatulia baada ya mvua ndefu, mnamo Juni au Julai, na tena baada ya mvua za pili, Desemba au Januari. Chagueni wiki na muishikilie kila mwaka. Msihesabu mto ukiwa umevimba. Hamtaona kitu na mtu anaweza kusombwa.

Juu ya ndoo, naomba nikae kidogo, kwa sababu nimeona samaki wengi wakifa mikononi mwa watu wanaowapenda. Ndoo ikae kivulini, maji yabadilishwe mara kwa mara kwa maji ya kijito chenyewe. Mikono iloweshwe kabla ya kumshika samaki, maana mkono mkavu unaondoa ule ute wa ngozi unaomkinga na magonjwa. Tengenezeni ubao laini wenye mfereji katikati na rula iliyobandikwa ubavuni. Uloweshwe, samaki alazwe pua ikigusa kichwa cha ubao, msomaji aseme milimita kwa sauti, mwandishi arudie ndipo aandike. Sekunde chache tu, na samaki arudi kwenye ndoo ya pili. Mkimaliza mara zote tatu, warudishwe polepole palepale walipotoka, si kumwagwa kutoka ukingoni.

Urefu huo ndio utakaowaambia kama kijito kinazaa. Mkipanga vipimo kwenye karatasi ya miraba na kuona rundo la wadogo kabisa baada ya kila msimu wa mvua, halafu rundo la wa kati, hao wadogo ni watoto wa msimu huu, na uzao umetokea hapo au karibu sana. Mkiona wa ukubwa mmoja tu mwaka baada ya mwaka, na wadogo kabisa hawapo, basi kidimbwi chenu ni nyumba ya wageni. Hapo mtazame kama kuna kizuizi chini yenu, kwa mfano kalavati lililoning'inia juu ya maji ambalo samaki anayepanda hawezi kulirukia, au wavu uliotandwa toka ukingo hadi ukingo.

Wala msiandike "samaki wadogo" kwa jumla. Ningu mdomo wake uko chini ya kichwa, na midomo ni minene, kwa sababu hula kwa kukwangua ukungu wa kijani juu ya mawe. Kisinja, samaki mwingine wa mito yetu, ana ndevu fupi pembeni mwa mdomo na magamba makubwa. Lakini mtoto wa kisinja anafanana mno na jamaa zake wadogo ambao hata wakikomaa hawazidi kidole. Mkijichanganya hapo, mtatangaza kurudi kwa kisinja ambaye hajarudi. Mpigeni picha ubavuni, rula ikionekana, na muipeleke kwa afisa uvuvi wa wilaya au kwa watafiti wa taasisi ya uvuvi iliyoko Jinja. Mji huo umekuwa na watafiti wa samaki tangu mwaka 1947, na wapo wanaomjua ningu wa mto Sio vizuri.

Kabla ya yote, nendeni kwa huyo afisa uvuvi wa wilaya mpate barua ya ruhusa, na mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) ajue siku na saa. Wavu wenye matundu madogo haukubaliki kwa uvuvi, na haifai kabisa watoto wamwone mwalimu wao akiukokota bila maelezo, kisha kesho wachukue vyandarua vya nyumbani. Waelezeni watu pale pale kijitoni. Vaeni gambuti, kichocho kiko kwenye maji yetu.

Siku msizovua, pimeni maji. Kipimajoto cha bei nafuu kikisomwa saa nane mchana kitaonyesha kama kivuli cha misambya kimeanza kufanya kazi. Geuzeni mawe sehemu yenye mkondo. Mkikuta buu bapa lenye mikia mitatu limejishikiza kwenye jiwe, au lile linalojijengea kijumba cha mchanga, maji yana hewa na mtoto wa samaki ana chakula. Mkikuta viminyoo vyekundu peke yake kwenye tope, hewa ni haba.

Narudi kwa vifaranga wa kununua. Mkiwamwaga, mwaka ujao hamtajua nani amezaliwa kijitoni na nani ametoka bwawani. Marekani samoni wengi wa kufugwa hukatwa kipezi kidogo kilicho mgongoni karibu na mkia kabla ya kuachiwa, ili watambulike. Ningu hana kipezi hicho cha kukata. Isitoshe, samaki wa bwawani anaweza kuleta ugonjwa, na uzao wake unaweza kuwa wa mto mwingine kabisa. Kituo cha utafiti wa ufugaji wa samaki cha Kajjansi kimefanikiwa kuzalisha ningu, na hiyo ni habari njema kwa wafugaji. Siku mkiona kwamba njia iko wazi, maji ni mazuri, misimu kadhaa imepita na bado hakuna hata mtoto mmoja wa ningu, hapo ndipo mzungumze nao pamoja na afisa wa wilaya.

Huyo wa kaunti ndogo mwambieni hivi: mwaka huu tuna hesabu za vijito viwili na kipande kimoja cha "kabla". Kauli ya kama kazi imefaulu tutaitoa baada ya miaka mitano. Koho mmoja humaliza mzunguko wake kwa kawaida katika miaka mitatu, ndiyo maana wanaomfuatilia hawatangazi lolote kwa msimu mmoja. Akitaka la kufanya kwa sasa, awasaidie kusimamia ukingo: kanuni za mwaka 2000 za ardhi oevu na kingo za mito zinataka mita 30 ziachwe kila upande wa mito midogo, na mita 100 kwa mito mikubwa iliyoorodheshwa. Katika mita hizo 30 ndimo mtoto wa ningu anamokulia mafuriko yakija.

SWALI: Mzee, mimi niko Kasese. Nyamwamba ulipofurika mwaka 2013 na tena 2020, mawe makubwa yalijaa mtoni na samaki walitoweka. Watarudi wenyewe, au mto umekufa? (Mkulima, Kasese)

JIBU: Ndugu mkulima, poleni sana kwa yaliyowapata. Mto haukufa. Samaki wa mito ya milimani hurudi kutoka vijito vya pembeni ambavyo mafuriko hayakuvikomba, na kutoka sehemu za chini, mradi njia iwe wazi. Linalonitia wasiwasi zaidi ni trekta kuunyoosha mto baada ya mafuriko na kuuachia mfereji mmoja tambarare bila kidimbwi wala jiwe la kujificha. Kama kuna kazi ya kuzuia maji inayopangwa karibu na shamba lako, ombeni mapema vijito vya pembeni visizibwe midomo na baadhi ya mawe makubwa yaachwe ndani ya maji. Ukitaka kujua wamerudi, anza kutafuta watoto kwenye midomo ya vijito hivyo, si katikati ya mto.

SWALI: Kwa kuwa maji ya Elgon ni baridi, kwa nini tusilete huyo samoni mwenyewe tumpandikize huku Kapchorwa? (Msomaji, Kapchorwa)

JIBU: Baridi peke yake haitoshi, dada yangu. Samoni hao ninaowazungumzia hukulia baharini, na mito ya Elgon haimfikishi baharini kwa njia anayoweza kuipita na kurudi. Ndugu yake trauti aliletwa milima ya Afrika Mashariki wakati wa ukoloni, Elgon ukiwemo, na yeye huweza kuishi maisha yote mtoni. Lakini trauti hula wadudu na samaki wadogo wa kienyeji, kwa hiyo kumwongeza mtoni ni kuwanyima wenyeji chakula na nafasi. Ukitaka kumfuga bwawani, omba kibali kwanza, na mahali maji yanapotoka bwawani paweke wavu wa matundu madogo ambao hata kifaranga hapiti.